Kumjenga misuli mtoto mwenye ugonjwa wa kifua bila kuulemea moyo wake

Kwa miaka miwili binti yangu alikuwa mshika sweta. Wenzake wakitoka kwenda uwanjani kwa somo la michezo walimrundikia sweta zao pale chini ya mti, naye akakaa nazo mapajani mpaka kengele ilie. Shule sitaitaja. Walimu walifanya hivyo kwa kuogopa, na barua ya kwanza niliiandika mimi mwenyewe, baba yake: mtoto ana kifua, asikimbie. Nilidhani namlinda. Alipofika miaka 10 hakuweza kupanda ngazi za nyumba ya shangazi yake, ghorofa ya pili tu, bila kusimama mara mbili kushika ukuta, na mapaja yake yalikuwa membamba kuliko ya mdogo wake wa miaka 7.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na nyumbani ni Kaloleni. Udaktari sina. Haya ninayoandika nimefundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia kwenye kliniki tunayohudhuria, kisha nikayafanya na mwanangu mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja na nusu, hadi nikajua ni wapi panateleza. Namwandikia mzazi mwenye mtoto kama wangu, aliyeugua nimonia mara kwa mara hadi mirija ya hewa ikapanuka na kulegea (kliniki wanaita bronkiektasisi), au aliyebaki na makovu baada ya kifua kikuu, au aliyezaliwa kabla ya siku zake akakaa kwenye oksijeni, au mwenye pumu ya miaka mingi. Magonjwa haya ni tofauti na dawa zake ni tofauti, lakini njia yanayompitisha mtoto ni moja. Anakohoa, kwa hiyo anakalishwa. Akikalishwa misuli inakwisha. Misuli ikikwisha hata kuoga kunampandisha pumzi, na sisi wazazi tukiona anahema tunamkalisha zaidi.

Moyo unaingia hapa kwa namna ambayo sikuijua. Nilidhani mapafu yana shida zake na moyo una zake. Daktari akachukua kalamu, akanichorea. Upande wa kulia wa moyo kazi yake ni kusukuma damu iende mapafuni ikachukue oksijeni. Sehemu ya pafu iliyojaa makohozi haina hewa ya kutosha, na mishipa midogo ya hapo hujibana yenyewe ili damu ipite kwingine kwenye hewa. Mwili una busara yake. Lakini sehemu zilizoziba zikiwa nyingi, mishipa mingi inajibana kwa pamoja, na upande wa kulia unabaki kusukuma damu kwenye njia nyembamba mchana na usiku. Miaka ikipita ukuta wake unanenepa, chumba kinatanuka, na mwisho unashindwa kazi. Mtu aliyewahi kupiga pampu tairi ambalo vali yake imekwama ataelewa bila mchoro: hewa haiendi, mkono ndio unaokufa.

Na misuli je? Mguu wenye nguvu hupanda ngazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake, na oksijeni inayoufikia hujua kuitumia. Mguu dhaifu hupanda ngazi hizohizo kwa nguvu zake karibu zote, na moyo lazima uende mbio kuulisha. Mazoezi hayarudishi mirija iliyoharibika. Yanachofanya ni kushusha bei ya kila kazi ndogo ya siku, ili moyo na mapafu yaliyobaki yasidaiwe kupita kiasi.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 2002 watafiti wa Sydney, Australia, walichapisha matokeo ya watoto 66 wenye ugonjwa wa mapafu wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, waliokuwa wamelazwa hospitalini. Waliofanya mazoezi ya kukimbiza pumzi waliongeza uwezo wao wa kutumia oksijeni. Waliofanya mazoezi ya nguvu waliongeza zaidi uzito, nguvu za miguu, na hata kipimo cha kupuliza hewa. Ugonjwa wao si ule wa binti yangu, lakini mtaalamu wetu aliponieleza nilielewa kwa nini anataka vyote viwili. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na angalau siku tatu za wiki ziwemo kazi za kuimarisha misuli na mifupa. Mtoto mgonjwa wa kifua hajatolewa kwenye hesabu hiyo. Anaifikia polepole tu.

Kabla ya zoezi la kwanza

Nenda kliniki na maswali matatu, na usitoke bila majibu. Moyo wake umepigwa picha ya mawimbi ya sauti, ile wanayoiita eko? Oksijeni yake ni ngapi akiwa amekaa, na inashuka hadi ngapi akitembea kwa dakika 6? Ikishuka hadi ngapi nimsimamishe? Sisi tuliandikiwa asilimia 90. Wako anaweza kuandikiwa nyingine, kwa hiyo usichukue yangu. Kama presha ya mishipa ya mapafu imepanda, au moyo umeshatanuka, haya ya nyumbani yangoje hadi daktari wa moyo aseme ndiyo. Mtoto aliyewahi kuzimia akikimbia, anayevimba miguu, au anayegeuka rangi midomoni akijitahidi, mpeleke hospitali kwanza. Na kama ametumia vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu, mkumbushe mtaalamu, maana dawa hiyo hulegeza misuli na mifupa, na mwanzo wake utakuwa mwepesi zaidi.

Kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni tulinunua baada ya kuchanga miezi mitatu. Kina tabia zake. Kidole kikiwa baridi kinadanganya, kwa hiyo msugue mikono kwanza. Rangi ya kucha na hina nyeusi huharibu kipimo, jambo tuliloligundua siku ya pili ya Idi tulipopata namba za ajabu kwenye vidole vyote kumi. Ngoja namba itulie nusu dakika kabla ya kuiandika. Na sisi wenye ngozi nyeusi tulijue hili: vipimo hivi wakati mwingine huonyesha oksijeni juu kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana namwangalia mtoto kuliko namba. Akiwa na 93 lakini mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi na hawezi kumaliza sentensi, namba hiyo siisikilizi.

Vifaa

Hakuna cha kununua dukani. Uzito ni vidumu vya maji: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unaongeza nusu kilo kwa kumimina nusu lita, kitu ambacho vyuma vya jimu haviwezi. Benchi la jikoni. Ngazi moja ya mlangoni. Na blada, ile mipira myeusi ya kufungia mizigo kwenye bodaboda.

Kwenye blada nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi hukata tyubu kuukuu ya baiskeli, si ya gari, kwa sababu ya gari ni ngumu kwa mtoto. Ikilazwa bapa, tyubu ya baiskeli ya mizigo ina upana wa karibu sentimita 5. Nikiipasua kwa urefu inafunguka upana mara mbili, napata mikanda minne ya sentimita 2 na nusu, nayo inatosha mtoto wa miaka 8 hadi 12 kuanzia. Ukiipasua utaona unga mweupe ndani. Huo ni unga wa kuzuia mpira usigandane, na hautakiwi kabisa karibu na kifua cha mtoto. Ipasulie nje yeye akiwa shule, ioshe kwa sabuni mara mbili, ianike hadi ikauke. Kisha ivute mbele ya mwanga uitazame pande zote. Ukiona kidoti cha mwanga au ufa mdogo kama wa unyoya, tupa. Miisho ifunge fundo na uizungushie kitambaa, ndiyo mishikio.

Hapo mwanzo niliifunga blada kwenye komeo la mlango. Komeo likafyatuka, mpira ukamrudia usoni, ukamchana ukope. Kidogo tu zaidi ungekuwa jicho. Tangu siku hiyo naifunga kwenye nondo za dirisha, kimo cha kifua chake, na kila siku kabla hajaigusa naivuta mimi kwa uzito wangu wote mara tatu. Hata kama jana ilishika.

Kama mtoto ameandikiwa inhela (pampu ya kuvuta dawa) ya salbutamoli, dawa ya kufungua mirija ya hewa, kabla ya mazoezi, mpe kama alivyoandikiwa. Wetu ni mipulizo miwili, dakika 15 kabla. Chupa ya kupitishia dawa, ile inayokaa kati ya inhela na mdomo, ikikosekana, ya plastiki ya nusu lita inafaa. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilijaribu hilo na kulichapisha mwaka 1999: chupa ya soda ya mililita 500, tundu limetobolewa chini kwa umbo la mdomo wa inhela, ikafanya kazi sawa na za kununua. Mimi natoboa kwa spoki niliyoipasha moto na kuikunja kwa kipimo cha inhela yenyewe, ili ibane bila kuvujisha. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiipangusa ndani kwa kitambaa, plastiki inashika umeme na dawa inagandia ukutani badala ya kwenda kifuani.

Saa na mahali

Kisumu jua la mchana halina huruma, na jioni ndipo majiko ya makaa yanapowashwa uani na majirani kuchoma takataka. Sisi tunafanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, chumbani dirisha likiwa wazi, kabla mtu hajashika ufagio. Siku moja ya kupumzika katikati ni lazima, misuli hujengeka siku hiyo. Ramadhani tulihamia baada ya futari. Yeye hafungi kwa sababu ya dawa, lakini nyumba yote ilikuwa imebadilisha saa zake.

Kwanza tunatoa makohozi. Pumzi tatu ndefu za polepole, kila moja anaishika akihesabu tatu, kisha anapuliza kwa mdomo wazi kama anayetia ukungu kwenye kioo. Nilimletea kioo cha pembeni cha pikipiki aone ukungu wenyewe, na hapo ndipo alipoelewa tofauti ya kupuliza na kukohoa. Mizunguko mitatu au minne hadi kifua kiache kukoroma. Ukimpa mzigo mtoto ambaye kifua bado kimejaa, atakohoa zoezi zima na kudhani mazoezi ndiyo yanayomuumiza.

Kisha dakika 5 za kutembea papo hapo akirusha mikono. Dakika hizi usizifupishe, hasa kwa mwenye pumu, kwa sababu kifua kinachoshtuliwa hubana.

Mazoezi yenyewe

Zoezi mama ni kaa-simama. Anakaa kwenye benchi, mikono imefumbatwa kifuani, miguu sakafuni upana wa mabega. Anasimama akitoa pumzi, anakaa polepole kwa hesabu ya tatu akivuta pumzi. Kule kushuka polepole ndiko kunakojenga, na ndiko watoto wanakokwepa kwa kujiangusha benchini. Tulianza na mara 8, tukapumzika, 8 tena, basi. Ungefanya hilo moja tu kwa mwezi mzima, ungekuwa umefanya jambo kubwa, kwa kuwa misuli ya mapaja na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote na ndiyo inayoudai moyo zaidi.

Lakini angalia mdomo wake. Mtoto akikaza nguvu hubana pumzi, tumbo likawa gumu, shingo ikasimama mishipa. Hapo presha ndani ya kifua inapanda ghafla, damu inayorudi moyoni inapungua, kisha akiachia yote inarudi kwa kishindo. Mtu mzima mwenye afya hahisi kitu. Mtoto ambaye upande wa kulia wa moyo wake tayari unahangaika anaweza kupata kizunguzungu au kuanguka. Nilimwambia binti yangu "usibane pumzi" mara mia bila kufaulu, kwa sababu mtu akikumbushwa pumzi ndipo anapoibana. Dawa ilikuwa kumfanya ahesabu kwa sauti: moja anaposimama, mbili, tatu, hadi nane, nami niko jikoni nasikia. Mdomo unaohesabu hauwezi kubana pumzi. Sauti ikikatika najua bila kumwona, na siku ambayo sauti inakatika kabla ya tano mzigo wa siku hiyo ni mkubwa, napunguza.

La pili ni ngazi ya mlangoni: mguu wa kulia unapanda, wa kushoto unafuata, anashuka, mara 8, kisha aanze na wa kushoto. La tatu ni kuvuta wavu. Amesimama akielekea dirisha, mishikio ya blada mikononi, anavuta viwiko nyuma hadi mifupa ya mgongoni ikaribiane, anaachia taratibu. Jina nililitoa Dunga, kwa wavuvi wanaovuta nyavu pwani ya ziwa. Alikwenda kuwatazama na mara moja akajua mgongo ukaaje. Watoto wa kifua hukunja mabega mbele kwa kukohoa miaka mingi, na hili linawafungua. La nne, kusukuma ukuta kwa viganja, mwili umenyooka kama ubao.

La mwisho, ambalo yeye hulipenda kuliko yote, ni kubeba vidumu viwili kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi. Tulianza na lita moja kila mkono, sasa ni tatu. Sharti ni moja: lazima tuzungumze njiani. Namuuliza habari za shule. Akijibu sentensi nzima, sawa. Akijibu neno moja moja, tunasimama aweke chini.

Kati ya seti na seti mpe muda ambao pumzi yake inautaka, dakika moja au zaidi, usimharakishe. Namuuliza ugumu kwa vidole: sifuri ni kukaa, kumi ni kushindwa kabisa. Nataka vidole vinne hadi sita. Akionyesha viwili mara mbili mfululizo tunaongeza, na mpango wa kuongeza ni mara kwanza, uzito baadaye: kutoka 8 hadi 12, halafu seti ya tatu, halafu nusu lita ya maji au mkunjo mmoja wa blada, ukirudi tena kwenye 8. Kushindanisha nani anabeba kizito kuliko wote hakuna katika nyumba hii. Mdogo wake amejaribu kuanzisha na nimekataa.

Ukimaliza usimketishe ghafla. Atembee dakika 3 hadi 5 miguu ikirudisha damu moyoni taratibu.

Kuusikiliza moyo

Nilimfundisha kutafuta mshipa wa mkononi, chini ya kidole gumba, kwa vidole viwili. Anahesabu sekunde 30 kwa saa ya simu, anazidisha kwa mbili. Tunapima asubuhi kabla hajatoka kitandani, mara tu baada ya zoezi la mwisho, na dakika moja baadaye. Daftari la kurasa 48, safu tatu, anaandika mwenyewe. Ukurasa wa kwanza unasema 102 kitandani, 150 baada ya kaa-simama, na dakika moja baadaye bado 138. Ukurasa wa mwezi wa tano unasema 88, 136, na 108. Ile tofauti ya dakika moja ndiyo ninayoitazama kwanza. Moyo unaoteremka upesi ni moyo uliopata nafasi. Siku ile ya 108 aliweka kalamu chini akasema, "Baba, moyo umerudi kwake."

Pima pia kila mwezi mara ngapi anaweza kaa-simama kwa sekunde 30. Wetu alianza na 9. Sasa ni 17.

Daftari lina kazi nyingine. Mapigo ya asubuhi yakipanda kwa 10 au zaidi kuliko kawaida yake, mara nyingi kuna maambukizi yanayokuja hata kabla homa haijaonekana. Mara mbili tumewahi kliniki kwa sababu ya namba hiyo.

Siku za kuacha

Nitasema kosa langu. Mwezi wa tatu alikuwa na joto mwilini kidogo, makohozi yamegeuka kijani, nami sikutaka tukatize mfululizo wetu mzuri. Seti ya pili akasema haoni vizuri, akateleza kwenye benchi. Nilimdaka. Mapigo yalikuwa 176 na midomo imepauka. Mwili wenye homa tayari umeubebesha moyo mzigo, na baadhi ya maambukizi huingia hadi kwenye misuli ya moyo yenyewe. Tulikaa siku 9 hospitali. Homa ni kuacha, hakuna mjadala. Vilevile makohozi yakibadilika rangi au kuongezeka, akikohoa damu, akiumwa kifua, moyo ukidundadunda ovyo, au oksijeni ya asubuhi ikiwa chini ya kawaida yake. Damu, maumivu ya kifua na kuzimia ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Tukienda Nakuru kwa nyanya yake napunguza pia. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, na kule hewa ni nyembamba zaidi. Oksijeni yake hushuka alama mbili tatu akiwa amekaa tu, na vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi kila mtu analijua. Siku tatu za kwanza ni kutembea na kunyoosha viungo. Ya nne tunaanza nusu ya mzigo.

Chakula na shule

Misuli haijengwi na blada peke yake. Mtoto anayekohoa hutumia nguvu nyingi kwa kupumua tu, na ukimwongezea mazoezi bila kumwongezea chakula utamkondesha. Ndani ya saa moja baada ya zoezi anakunywa uji wa wimbi wenye maziwa, na yai. Jioni omena, aile nzima na mifupa yake. Maharagwe, njugu karanga, mala. Nampima uzito kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye mizani ya jirani mwenye duka la nafaka. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, tunapunguza mazoezi na kumwona daktari kabla ya kuendelea.

Shuleni nilirudi na barua ya pili, safari hii ya daktari. Inasema ashiriki, apumzike anapotaka bila kuulizwa, akae na maji na inhela yake karibu, asilazimishwe mbio za kushindana. Mwalimu wa michezo alitaka kujua afanye nini akimwona anahema. Nikamwambia amwulize swali refu, asikilize jibu lina maneno mangapi.

Baada ya kulazwa

Hili wengi hulikosea, na ndilo linalovunja moyo wa mtoto. Siku chache tu za kulala kitandani hula kazi ya majuma. Usianze pale mlipoachia. Ngoja homa iishe, dawa za kuua vijidudu zifike mahali daktari atakapokuambia, na mapigo ya asubuhi yarudi karibu na ya zamani. Wiki ya kwanza ni kutoa makohozi na kutembea uani tu. Wiki ya pili kaa-simama mara 5, seti moja, blada usiiguse. Wiki ya tatu nusu ya mzigo wa zamani. Mfungulie ukurasa mpya kwenye daftari, aandike tarehe juu, ili asilinganishe 5 ya leo na 12 ya mwezi uliopita. Binti yangu alilia siku alipoona tano. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza kabisa, akahesabu mwenyewe ni wiki ngapi zilimchukua mara ya kwanza kutoka 8 hadi 12. Zilikuwa saba. Safari hii zilikuwa nne.